Mguu wa kuku (bastola) ndani ya gari la familia: kijisanduku cha waya au sefu ya bolti?

Mangi_Rau:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Namiliki bastola kihalali, leseni ninayo, na biashara yangu inanirudisha nyumbani usiku na mauzo mkononi. Hapo tusianze ubishi. Shida yangu ni gari, maana ndilo hilohilo la familia. Kuna sehemu siwezi kuingia na silaha, kama benki au kanisani, inabidi ibaki garini. Nimeona vitu viwili. Cha kwanza ni kijisanduku cha chuma chenye waya wa kuzungusha kwenye mguu wa kiti, kinafunguka kwa alama ya kidole. Cha pili, kuna fundi anasema atanichongea sefu ya bati nene aifunge kwa bolti sakafuni kwenye buti. Cha kwanza ni nafuu. Mngekuwa nyie mngechukua kipi?

Chalii_Ngarenaro:
Gari gani? Watoto wana umri gani? Linalala wapi? Mkuu umeuliza kama mtu anayeulizia fungu la nyanya.

Fundi_UngaLtd:
Sefu ya bolti. Chuma cha milimita 3, bolti nne zipite sakafuni, na kwa chini unaweka bamba la chuma ili mtu akivuta kwa nguvu zisichomoke na bati la gari. Nati zikae ndani ya sefu, kwamba bila kuifungua huzifikii. Hivyo vijisanduku vya mtandaoni vingi bati lake unalikunja kwa bisibisi. Angalizo moja tu: fundi alale chini ya gari kwanza aone bomba la mafuta na nyaya zinapita wapi kabla hajatoboa. Nipo Unga Limited, karibuni inboksi.

Mama_Wawili:
Kila uzi Fundi lazima auze kitu 😂
Mleta mada, mkeo anaendesha hilo gari? Kama anaendesha, hapo ndipo pa kuanzia. Leseni ni ya mtu, siyo ya gari. Siku umeisahau humo ndani, mama watoto kalichukua anawapeleka watoto shule, akasimamishwa na trafiki pale Boma Ng'ombe gari likakaguliwa, atajieleza vipi? Yeye ndiye atakayekutwa na silaha asiyo na kibali nayo.

Mangi_Rau:
Samahani wakuu. Gari ni Noah. Watoto wawili, wa miaka minne na tisa. Linalala ndani ya geti. Ndiyo, wife analitumia siku za wiki asubuhi.

Mpare_Mbishi:
Noah ipi? Old model au new model? Maana jibu linabadilika kabisa.

Mzee_wa_Himo:
Ngoja niwape kisa cha shemeji yangu, kirefu kidogo, mnivumilie.

Shemeji alikuwa na Prado, na kijisanduku kama hicho anachosema mleta mada, kipya kabisa. Waya uliokuja nacho hajawahi kuufunga, ulikuwa bado kwenye nailoni yake. Tukaenda harusini, ukumbi mmoja Moshi mjini. Kafika, kapaki, kisha palepale maegesho akawasha taa ya ndani, akatoa kitu kiunoni, akakiweka kwenye kijisanduku, akainama kukisukuma chini ya kiti. Wapaki magari na vijana wa kuosha vioo wako mita tano, wanamtazama. Tumekaa ukumbini mpaka keki. Kutoka, kioo kile kidogo cha nyuma kimevunjwa. Laptopu ipo kwenye kiti, haikuguswa. Koti la suti lipo. Kijisanduku hakipo.

Kesho yake ndiyo msiba ulianza. Kupotelewa na silaha siyo kama kupotelewa na simu, ukachukua RB ukaenda zako. Aliandika maelezo, akarudi kuandika maelezo, akaulizwa kwa nini aliiacha, nani alijua, risasi zilikuwa ngapi. Leseni ikawa na mushkeli. Lakini kilichomkondesha siyo hayo. Kila akisikia kuna mtu kavamiwa Majengo au Pasua anapiga simu kuuliza ni silaha gani imetumika. Haijaonekana hadi leo.

Kwa hiyo mimi sijali sanduku la nani. Kiweke na ukifunge KABLA hujafika unapokwenda. Simama sheli njiani, au fanya hivyo nyumbani. Ukishapaki, shuka na uondoke kama mtu asiye na kitu.

Chalii_Ngarenaro:
Mzee umeua. Na waya nao tusiutegemee sana, mkasi wa kukatia vyuma unaumaliza. Kazi yake ni kumchelewesha mwizi wa kuvunja kioo na kukimbia, basi.

Mpare_Mbishi:
Mimi napinga alama ya kidole. Mikono ikiwa na vumbi au jasho haisomi. Betri ikiisha unarudi kwenye funguo ya dharura, na funguo yenyewe utaikuta ipo ndani ya droo ya dashibodi. Chukua cha namba za kubonyeza, namba isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Wa miaka tisa anaijua hiyo mapema kuliko wewe.

Mama_Wawili:
Wa miaka minne ndiye ananitisha zaidi. Aprili 2016 huko Milwaukee, Marekani, mtoto wa miaka miwili aliyekuwa kiti cha nyuma alimpiga risasi mama yake aliyekuwa anaendesha, mama akafa. Bastola iliteleza kutoka chini ya kiti cha dereva. Miaka miwili jamani! Kwa hiyo habari za "nitaichomeka tu chini ya kiti" au kwenye mfuko wa mlango, hapana.

Sanya_Juu:
Silaha isiyo na risasi ni nyundo tu. Mkianza kutoa magazini, kufunga kufuli, kubonyeza namba, jambazi anakusubiri?

Mzee_wa_Himo:
Kijana, wakati uko kanisani bastola iko garini jambazi yupi unamsubiri? Ukiwa nayo mwilini hiyo ni habari nyingine. Ikikaa kwenye sanduku, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, iwe tupu. Na usianze kuichezea maegesho ukitoa risasi moja moja mbele za watu. Iingie sandukuni pamoja na mkoba wake, kifyatulio kikiwa kimefunikwa, mfuniko chini, kwisha.

Sanya_Juu:
Sawa mzee. Lakini sheria yenyewe inasemaje kuhusu gari?

Chalii_Ngarenaro:
Sheria ya sasa ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Masharti ya leseni yako uliza pale pale ulipoombea, usiulize humu. Ila jueni, hifadhini huingii na silaha bila kibali. Kuna watu wanakatiza Ngongongare kwenda Momella wanadhani ni barabara ya kawaida, kumbe uko ndani ya Hifadhi ya Arusha. Na mpakani Namanga usithubutu kabisa.

Mangi_Rau:
Nimewasoma. Noah ni old model.

Mpare_Mbishi:
Basi kile cha chini ya kiti kifute! Old model injini iko chini ya viti vya mbele. Kwanza joto, risasi hazipendi kukaa juu ya jiko siku nzima. Pili, fundi akitaka kushika injini lazima ainue kiti. Siku uko gereji atakutana na sanduku lako kabla ya plagi.

Fundi_UngaLtd:
Ndiyo maana nilisema buti.

Mama_Wawili:
Buti la Noah ni buti basi? Ni nyuma ya kiti cha tatu, wa miaka tisa anageuka tu anafika. Na vioo pande zote. Mimi naona Mangi asiwe nayo siku za familia kabisa. Jumapili ibaki nyumbani kwenye sefu ya ukutani, usiku wa mauzo aivae.

Mangi_Rau:
Sasa Jumamosi nafunga duka saa kumi na mbili halafu napitia watoto kwa bibi yao Kibosho, hapo inakuwaje?

Mama_Wawili:
Mauzo ya Jumamosi tumia wakala, mpe hela akuwekee kwenye simu, uende kwa bibi mikono mitupu.

Sanya_Juu:
Wakala wa wapi mwenye floti ya duka zima saa kumi na mbili jioni?

Mpare_Mbishi:
Tuache hayo, hiyo old model inapanda Kibosho na familia nzima bila kuchemsha? Yangu ikifika kona ya pili mshale uko juu.

Fundi_UngaLtd:
Toa rejeta ikazibuliwe, usitafute mchawi.

Mangi_Rau:
Fundi, sefu ikikaa ubavuni nyuma ya kiti cha tatu, upande wa jeki, bolti zinapata pa kushika?

Mpare_Mbishi:
Rejeta nimezibua mwezi uliopita. Inaweza kuwa thamostati?