Mjadala: Kompyuta za shule Tanga ziondolewe kwa kuwa Windows 10 imefika mwisho?

Wana Tanga, hili naliweka mezani tulijadili bila kuoneana haya. Tangu Microsoft walipositisha masasisho ya bure ya Windows 10, yale yanayoziba mianya ya usalama, Oktoba 14, 2025, kila ninapoitwa kazini, iwe Ngamiani au Chumbageni, nakutana na kauli ileile: kompyuta za shule hazifai tena, zitolewe, ziletwe mpya. Mimi napinga.

Shida inajulikana. Windows 11, toleo linalofuata, inataka TPM 2.0, ile chipu inayotunza funguo za usalama, na kwa upande wa Intel inataka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nyingi ninazozifungua ni za mtumba, kizazi cha 3 au cha 4. Wapo mafundi wanaokwepa kizuizi hicho na kupiga Windows 11 hivyohivyo, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya aina hiyo haina uhakika wa kupata masasisho.

Kwa macho yangu, kinachoua kompyuta hapa pwani ni chumvi na vumbi. Fungua kava la mashine iliyokaa dirishani Raskazone: vumbi limeshikana kwa unyevu, feni inalia, meno ya RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, yamefifia. Unachomoa RAM unayasugua meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, unapuliza vumbi, unabadilisha betri ya CR2032 inayotunza saa, unatoa diski ya kuzunguka unaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Mashine iliyokuwa inawaka kwa kujivuta inakuwa tayari kabla mwalimu hajamaliza kuita majina. Ukiipiga Linux hapo, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows, ina miaka mingine ya kufundishia.

Na Linux si kitu cha kubahatisha. Linus Torvalds aliianza 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Leo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu mwishoni mwa 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa nayo. Linux ina matoleo mengi: Linux Mint inakubali RAM ya GB 2, ingawa ukiipa 4 inatulia zaidi. Ubuntu 24.04 ina masasisho ya bure hadi 2029. Mwalimu anayeingia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, au ofisi inayofanya manunuzi kwa NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, anahitaji kivinjari tu.

Wanaonipinga wana hoja, tena nzito: kijana akiajiriwa atakutana na Word na Excel. Kweli. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, inafungua mafaili hayo, lakini jedwali huweza kuhama, na makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, si zote zinazokubali. Kompyuta ya mhasibu wa shule nisingeigusa. Tena baadhi ya printa hazina draiva ya Linux, ile programu ya kuziunganisha na kompyuta, hilo lipimwe mapema. Lakini mtoto wa kidato cha kwanza anajifunza kushika mausi, kupanga mafaili, kuandika barua na kutengeneza jedwali. Yote hayo yanafanyika.

Wengine wanasema shule zilipie masasisho ya ziada ya Windows 10, kwa kuwa taasisi za elimu zimewekewa bei ya dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Ni nafuu, sibishi. Ila inahitaji leseni halali, na mashine ngapi tulizonazo zimepigwa Windows ya kukraki, isiyolipiwa? Halafu miaka mitatu ikiisha, tuko palepale.

Ninachoomba ni shule moja ianze na maabara yake kwa muhula mmoja, mwalimu wa TEHAMA atupe majibu yeye mwenyewe. Na wewe unayetaka zitolewe, taja kazi moja ya kwenye muhtasari wa somo ambayo haitafanyika kwenye mashine hizo, na useme hela ya mpya inatoka fungu gani.