Nimekwama katikati ya riwaya nene ya kihistoria, niruke sura za vita au nikomae?

Binti_Kimara

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri nyie mnaosoma zile riwaya nene za kihistoria, zile ambazo familia mbili tatu unazikuta watoto wao bado wadogo mpaka wanazeeka, na nchi nayo inapinduka juu chini wao wakiwa humohumo ndani.

Mwezi wa tatu nilipita pale Posta kwa wauza vitabu vya mtumba nikakuta Vita na Amani ya Tolstoy, ya Kiingereza, jalada limechanika kidogo pembeni, jamaa alianza na buku kumi tukaishia buku saba. Tangu siku hiyo ndo nakisomea kwenye mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni asubuhi na jioni kurudi, nikipata siti nasoma nimekaa nikikosa nasoma nimesimama. Nimefika ukurasa wa 540 na kitu, chenyewe kina zaidi ya 1,200.

Shida yangu ya kwanza ni majina. Mtu anaitwa Natasha, ukifungua sura nyingine anaitwa Natalya Ilyinichna, mbele tena Rostova, kwa hiyo muda mwingi najiuliza huyu ni mpya au ni yule yule, na basi likifika Magomeni Mapipa nakuwa nimesharudi nyuma kurasa kumi kutafuta. Shida ya pili ni vita. Mambo ya nyumbani nayasoma kwa kiu, mtu anaposwa, mtu anacheza kamari anamaliza hela ya baba yake, mzee anagombana na binti yake, hapo hata kituo naweza kukipita. Ila ile vita ya 1805 ilinichosha sana, majenerali wengi, mara kulia mara kushoto, na nimechungulia mbele naona Napoleon anakuja tena 1812 na safari hii anaingia Urusi kwenyewe.

Aliyenifanya nisikiache mpaka sasa ni mama yangu. Mama hasomi Kiingereza, ila jioni akiwa anachambua dagaa au anapeta mchele lazima aulize, "Yule binti leo kafikia wapi?" Basi namhadithia nilichosoma siku hiyo. Wiki iliyopita nilimsimulia ile sehemu wametoka kuwinda, wakaenda kulala kwa mjomba wao huko shamba, yule mjomba akapiga gitaa na Natasha akainuka kucheza ngoma ya Kirusi ya watu wa kijijini, na huyo binti amelelewa na mwalimu wa Kifaransa, anavaa hariri, hakuna aliyewahi kumfundisha. Mama aliweka ungo chini kabisa. Akaniambia huyo ngoma hiyo aliiona jikoni kwa wale wanaomlea, wazazi wakidhani yuko anasoma Kifaransa chake. Nilikaa nikafikiria hilo jambo siku nzima, maana mi nilipita pale nikaona tu ni sura nzuri.

Sasa maswali. Nikiruka vita nitakuwa nimekisoma kweli au nimejidanganya? Na je kuna riwaya ya Kiswahili ya ukubwa huo, ya familia na miaka mingi, nimtafutie mama asome mwenyewe?

Mzee_wa_Kigogo

Hongera sana mwanangu, na mpe mama salamu zangu.

Hayo majina usiyaogope, kwetu sisi ndo rahisi kuliko kwa Mzungu. Lile la katikati ni jina la baba. Natalya Ilyinichna ni Natalya binti Ilya. Kaka yake Nikolai Ilyich ni Nikolai bin Ilya. Yani bin na binti zetu zile zile, wao wamezigandisha mwishoni mwa jina la baba. Anayemuita binti Ilya anampa heshima zake, au hawajazoeana, anayemuita Natasha ni mtu wa nyumbani. Ukilishika hilo, jina lenyewe litakuwa linakuambia nani anaongea na nani na wamesimama umbali gani, ni sawasawa na wewe usikie mtu barazani anamuita mama yako Bi Fulani binti Fulani halafu mwingine anapita anamuita Mama nanihii, hapo hapo umeshajua yupi jirani yupi mgeni.

Na Pierre, yule wa nyumba ya Bezukhov, ni Pyotr. Mabwana wakubwa wa Urusi wakati ule walikuwa wanaongea Kifaransa majumbani mwao, ndo maana jina la Kifaransa likamng'ang'ania. Hilo liweke akilini ukifika 1812, maana wanavamiwa na watu ambao lugha yao ndo wao wenyewe walikuwa wanatongozea.

Chukua karatasi, andika majina kwa nyumba: nyumba ya Rostov, nyumba ya Bolkonsky, nyumba ya Bezukhov, nyumba ya Kuragin. Nyumba nne tu. Ikunje uifanye ya kuwekea ukurasa.

tulizana_tz

Ruka tu dada. Mi vita zote niliruka nikafuata mapenzi na nilielewa kila kitu, mbona kawaida.

Mtoto_wa_Askari

Hapo juu sikubaliani kabisa, na naomba nieleze maana hii kitu inanigusa.

Tolstoy vita alikuwa anaijua. Kazaliwa 1828, hiyo ya 1812 hakuiona, ila yeye mwenyewe alikuwa afisa wa mizinga Sevastopol wakati wa vita ya Crimea, 1854 na 1855. Kwa hiyo anapoandika moshi ni moshi alioumeza. Na ukitulia utaona kila akifika kwenye mapigano anawapunguza majenerali, ramani zao hazifanyi kazi, amri inafika muda umeshapita, anayegeuza mambo ni kapteni mmoja na vijana wake kwenye mizinga ambao hakuna hata anayewajua jina. Ulipochoka na wale majenerali wa kulia na kushoto ulikuwa umeshaanza kuona anachokionyesha.

Utakapofika Borodino, hiyo ni Septemba 1812 kilomita mia na kitu kutoka Moscow, utamkuta Pierre kaenda kuangalia vita. Sio mwanajeshi. Kavaa kofia nyeupe, anatembea katikati ya wanajeshi wenye kazi zao, haelewi chochote. Usiruke hapo nakuomba.

Mzee wangu alikuwa vita ya Kagera. Tangu nikiwa mdogo namuuliza Oktoba 1978 ilikuaje, waliingiaje Kampala ile Aprili 1979, nikitegemea mishale kwenye ramani kama ya kitabu cha shule. Hajawahi kunipa mshale hata mmoja. Ananiambia mvua. Ananiambia alivyokaa na buti lililolowa siku tatu mpaka ngozi ya mguu ikawa nyeupe kama ugali, na wenzake wawili waligawana sigara moja na mmoja wao kesho yake hakuwepo. Miaka yote nilidhani mzee anakwepa swali. Nilipomsoma Pierre pale Borodino ndo nikajua mzee alikuwa ananijibu.

Sehemu ya kuachia ni ile ya mwishomwisho kabisa, sehemu ya pili ya hitimisho, hapo hadithi imeshaisha anajadili falsafa ya historia. Ile hata ukiisoma baadae sio mbaya.

Mkerewe_Tabata

Mi nijibu la mama. Kipo, na kimeandikwa na mtu wa kwetu Ukerewe, marehemu Aniceti Kitereza. Kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Juzuu mbili. Alikiandika kwa Kikerewe akakimaliza 1945, hakikupata mchapaji, akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa hapa Dar 1980. Hebu hesabu, miaka 35. Yeye akafariki 1981. Kila nikikishika mkononi huwa naifikiria hiyo miaka, mzee kakaa kisiwani na furushi lake la karatasi na hakulitupa.

Hamna Napoleon humo, hamna hata Mjerumani. Ni mtu na mkewe wanapendana na hawajapata mtoto, maneno ya ndugu yanakuwa mengi mpaka wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao, na mume anatakiwa alipe faini ya pombe ya ndizi ndo arudishiwe. Sasa hapo ndo utamjua Kitereza. Haandiki "akatengeneza pombe akapeleka". Hapana, utakaa naye kwenye hiyo pombe toka ndizi inaivishwa mpaka inabebwa kwenda ukweni, nani anabeba, wanasalimianaje wakikutana na mtu njiani, mkwe anakaa wapi na anatazama wapi. Nakala niliyosoma ilikuwa ya babu yangu mdogo, nikiwa na miaka kumi na tisa, na mwanzoni iliniboa nikaanza kuruka kama huyo ndugu hapo juu. Babu mdogo akaniona ninavyofunua kurasa harakaharaka. Akanitoa nje, akanionyesha mti mmoja uani akaniuliza unaitwaje na unatibu nini. Sikujua. Akasema rudi kwenye zile kurasa ulizoruka. Nikarudi nikaukuta mle, kwa jina la Kikerewe.

Mama yako anayeweka ungo chini kwa sababu ya ngoma ya Kirusi, huyu Kitereza ameandikiwa yeye. Kukipata kuna kazi, ulizia kwa wazee wenye makabati ya vitabu.

pdf_please

Kuna mwenye PDF ya hicho cha Kitereza? Halafu swali la nyongeza, hivi historia iliyo kwenye riwaya inaaminika au mtu unajaza kichwa vitu ambavyo havikutokea?

Mwalimu_Mbagala

PDF sina. La pili nalijibu kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka.

Angalia Majimaji. Mtu wa historia ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita ikiwa ndo kwanza imeanza. Mtu wa tamthilia ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, 1969. Tazama hizo herufi mbili, i zimekuwa e. Hussein mwenyewe alieleza kwamba wake si yule wa historia, ni kiumbe wa sanaa. Na Tolstoy kafanya hivyo hivyo, upande wa mama yake ni ukoo wa Volkonsky, kwenye riwaya imekuwa Bolkonsky. Napoleon na Kutuzov, jemadari mkuu wa Warusi, ni wa kweli, Natasha na Pierre wa kutungwa. Kwa hiyo tarehe na idadi ya waliokufa usizichukue kwenye riwaya, zikatafute kwa wanahistoria. Ila mwanahistoria akishakuambia Majimaji iliisha 1907 na kwamba njaa iliua watu wengi kuliko risasi, hawezi kukuingiza kwenye nyumba moja Umatumbi jioni moja ukaona mama anagawa kile kidogo kilichobaki, anaanza na nani, nani anaachwa. Hapo unamhitaji mtunzi, na mtunzi mzuri akikuingiza humo hajakudanganya.

Binti Kimara, kwa mama muongezee Peponi ya Abdulrazak Gurnah, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatolewa na Mkuki na Nyota 2022, Kiswahili chake kitamu mno. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri anayemuita ami, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake, anasafiri na misafara mpaka bara Wajerumani wakiwa wanakaribia. Sio nene kama hizo nyingine lakini inabeba miaka. Mwisho wake sisemi.

tulizana_tz

Mtoto wa Askari umenifanya nikitoe tena kabatini. Naanza na Borodino. Mzee wako mpe shikamoo yangu.

Binti_Kimara

Wakuu nimerudi, samahani imepita kama miezi miwili. Asanteni wote, Mzee wa Kigogo ile karatasi ya nyumba nne mpaka sasa ninayo imeshachakaa. Sikuruka. Borodino niliisoma yote, siku mbili nilishukia Kivukoni nikakaa pale kwenye benchi kabla ya kuingia kazini ili nimalize sura.

Peponi nilimnunulia mama, anasoma taratibu na miwani yake, hataki nimuulize kafika wapi. Kitereza bado natafuta.

Ila nilichorudi kusema ni hiki. Jana nimefika Napoleon anakaribia kuingia Moscow na watu wanahama. Kwa kina Rostov wamepakia mikokoteni, mazulia, vyombo vya udongo vya bei mbaya, masanduku, halafu uani kwao kumejaa wanajeshi majeruhi hawana usafiri. Natasha akaenda kumwakia mama yake, wakaanza kushusha vitu, mazulia yakarudi ndani, mikokoteni wakapewa majeruhi. Nikamhadithia mama usiku.

Mama alinyamaza kidogo, alafu akaniuliza walishusha nini kwanza. Nikamwambia. Ndo akaanza kunisimulia 1974, Operesheni Vijiji, yeye alikuwa na miaka tisa. Trekta la kuwahamisha lilikuja na tela moja kwa nyumba nne. Kuku waliingia, magodoro yaliingia, kinu cha bibi yake kikakosa nafasi kwa sababu kilikuwa kikubwa cha mninga, wanaume wawili walikibeba mpaka kwenye tela na kikashushwa tena. Bibi hakugombana na mtu. Alipanda na mchi, akaushika katikati ya magoti njia nzima. Walipofika kijijini wakakaa mwaka mzima wana mchi hawana kinu, wanaenda kutwangia kwa jirani, na bibi kila akienda anaenda na mchi wake hataki wa mwenyeji.

Miaka yangu yote ndani ya nyumba hii sijawahi kusikia hiyo habari. Nilimuuliza mchi uko wapi akasema uko kwa mjomba, huko huko.

Baada ya hapo akarudi kwa wale majeruhi. Anataka kujua kati ya hao waliopandishwa kwenye mikokoteni kama kuna ambaye yule binti anamfahamu. Nimemwambia sijafika, na nyie msiniambie, ndo nimepata siti sasa hivi nafungua.