Je, mwisho wa Kusadikika umebandikwa?

Ndugu mmoja ametupa hoja: kwamba Shaaban Robert hakujua kusuka visa, kwamba riwaya yake Kusadikika ya 1951 ni kisa kimoja kilichorudiwa mara sita kikabandikwa mwisho mwema, na kwamba anayetaka falsafa yake aiokote kwenye mawaidha tu. Nusu ya hoja hiyo naikataa. Nusu nyingine inanisumbua.

Kwa ambao hawajakishika kitabu siku nyingi: Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Kizimbani anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa Mashariki, Kaskazini, Magharibi, Kusini, Mbinguni na Ardhini. Kila mmoja alitaabika, akarudi na jambo la kuifaa nchi, akatupwa gerezani.

Sasa hesabu pande hizo. Nne za dunia, juu, chini. Umebaki upande gani? Hakuna. Ukifika kwa mjumbe wa nne umeshajua gereza linamngoja, unaanza kuchoka, na kuchoka huko ndiko mwandishi alikokutaka. Uonevu wa mara moja utaitwa bahati mbaya. Ukitokea mara sita kwa namna ileile, hiyo ni desturi ya utawala. Na pande zikishakwisha, dawa haiji kwa safari ya saba. Iko palepale barazani, kwenye sheria, jambo lenyewe analoshitakiwa Karama kwa kulifundisha. Futa mawaidha yote, mpangilio huo utaendelea kulisema.

(Nailaumu mitihani yetu. Tulizoeshwa kupiga mstari katikati ya ukurasa, fani (namna kazi ilivyosukwa) huku, maudhui (inachosema) kule. Mimi niliandika “muundo: wa moja kwa moja na rejeshi”, yaani kisa kinasonga mbele na kurudi nyuma, nikapewa alama zangu, na sikuwa nimeelewa lolote.)

Kinachonisumbua ni mwisho. Nchi iliyowafunga sita inamwachia Karama, na wale sita nao wanafunguliwa. Wapo wanaosema mwandishi aliogopa, maana Tanganyika ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza. Huenda. Lakini hofu peke yake hainitoshi. Mtu anayeijenga riwaya nzima kama kesi ameshaamini kwamba lipo sikio la kusikiliza. Angetaka kiti cha enzi kipinduliwe, asingemsimamisha shujaa wake mbele ya kiti hicho akihoji na kusihi. Ule msamaha ulishaingia tangu Karama aliporuhusiwa kufungua kinywa. Unaweza kuikataa imani hiyo, na mimi siku nyingine huikataa, ila usiseme haikusukwa.

Iweke kando ya Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974. Kazimoto, mhusika wake mkuu, naye anasimulia, lakini hana baraza wala hakimu. Anajisimulia mwenyewe, na visa vyake havipandi kuelekea hukumu yoyote. Vinamzunguka, vinambana, mpaka anajiua. Kezilahabi, mwandishi asiyeona maana iliyopangwa duniani, angewezaje kutupa kesi yenye mwanzo, mashahidi na hukumu? Angekuwa anajikana kila sura.

Basi anayeshikilia kwamba mwisho wa Kusadikika umebandikwa anionyeshe: ni kwa mjumbe wa ngapi alipoona kisa kinaelekea kwingine? Nimekirudia kitabu mara mbili, sijapaona.