Je, kasi peke yake humpa raningibeki nafasi?

Winga wa Nakuru:
Wapenzi wa michezo, naomba kuelimishwa. Mimi hucheza raga hapa Nakuru, na Jumapili saa tatu usiku hufuatilia ligi ya NFL ya Marekani. Kansas City Chiefs walimchagua Clyde Edwards-Helaire katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2020, akiwa wa 32, awe raningibeki wao, yaani yule anayekabidhiwa mpira na kupenya nao katikati ya walinzi. Mwaka 2022 akaja Isiah Pacheco, chaguo la 251 katika raundi ya saba, na kabla msimu haujafika nusu alikuwa amekwisha kuichukua nafasi hiyo. Je, ni mbio tu zilizomwezesha?

Jirani wa Kondele, Kisumu:
Ndugu, mbio zilimsaidia sana, ila usiipime nafasi hii kwa kipimo cha raga. Katika raga ni kosa kumzuia asiye na mpira. Kule ndiyo kazi yenyewe. Kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anaporudi nyuma kutafuta wa kumrushia, mara nyingi raningibeki hubaki kando yake, na mlinzi wa zaidi ya kilo 100 akichomoka bila kizuizi, ni yeye anayepaswa kumwona mapema, kuchuchumaa kidogo na kumpokea kifuani. Akichelewa hatua moja, kwotabeki yuko chini, pengine ameumia. Kocha hamwamini kijana katika hilo kwa sababu ya mbio zake. Ukitazama marudio, usahau mpira, umfuate raningibeki tu.

Mwalimu, Kakamega:
Naafikiana na jirani, na naongeza kwamba kikosi kina wachezaji 53 tu, kwa hiyo raningibeki wa tatu au wa nne hubakizwa kwa kazi nyingine, hasa mipira ya kuanzia, yaani ile inayopigwa teke kuanzisha mchezo. Raningibeki Terrell Davis alichaguliwa na Denver Broncos katika raundi ya sita mwaka 1995, na kilichowafumbua macho makocha ni jinsi alivyomkumba mpokeaji wa mpira wa kuanzia katika mchezo wa maandalizi kule Tokyo, si mbio zake akiwa na mpira. Mwaka 1998 alikimbia yadi 2,008.

Winga wa Nakuru:
Nawashukuru sana. Kumbe ndiyo sababu kocha wetu humwanzisha mwenzangu ambaye namshinda mbio: mtu akiangushwa, yeye ndiye hufika wa kwanza kuulinda mpira.