Mlikuwa mnawaambia nini ndugu wa wagonjwa kipindi kile cha korona?

sista_wa_usiku:
Habari zenu jamani. Mimi ni nesi, mwanzoni mwa 2021 nilikuwa wodi ya wanaume hospitali moja hapa Dar. Juzi tumeletewa mzee anahema kwa shida, nikasikia ile oksijeni inavyotokota kwenye kichupa cha maji, nikajikuta nimesimama tu, mwanafunzi wa fildi ananiita sista, sista, simsikii.

Mnakumbuka takwimu za wagonjwa wa korona hapa Tanzania ziliishia 509 mwaka 2020 zikaacha kutangazwa. Pale kwetu faili linaandikwa nimonia, na kwenye matangazo ya misiba ni "changamoto ya upumuaji". Ndugu wako getini na chupa za tangawizi na malimao wananiuliza, sista ni ile yenyewe? na mimi tumeshaambiwa tusiitamke. Kuna dada alikuja siku 3 mfululizo na hotpoti ya uji wa babake, siku ya nne nikaipokea ile hotpoti wakati najua kitanda kimeshatandikwa upya, nikashindwa kusema, nikamwambia subiri nimwite daktari nikaingia ndani sikutoka tena. Nyie wenzangu mlikuwa mnasemaje?

mwana_pwani:
Pole sana dadangu. Huku Mombasa jina twalitaja maana mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa 13 Machi 2020, shida yetu ilikuwa jamaa haruhusiwi kuingia kabisa. Nilikuwa natia simu yangu ndani ya kile kimfuko cha plastiki cha dawa, naweka spika, naishikilia sikioni mwa mgonjwa. Kuna mama mmoja, kale kamashine ka kidoleni ka kupima oksijeni kasoma asilimia 71 tu, hasemi tena, wanawe wakamsomea Yasini mpaka kredit ikaisha nikakopa nyingine wakaendelea, miwani imejaa mvuke hata uso wake siuoni vizuri. Nikawaambia nimemshika mkono. Na kweli nilikuwa nimemshika. Kusema atapona sikusema hata siku moja.

Halafu Desemba 2020 wenzetu wakagoma watu wakasema ni tamaa ya pesa, na kuna daktari kijana wa miaka 28 alikuwa ametoka kufariki kwa korona, hajalipwa mshahara miezi, bima hana. Hilo sijalisamehe.

Tabibu77:
Mimi nitasema ukweli, nilikuwa nawaambia "anaendelea vizuri". Wagonjwa wako wanne wanaohitaji oksijeni, mtungi mzima umebaki mmoja, na ukifungua lita 15 kwa dakika mtungi mkubwa haufiki asubuhi, sasa unamgawia nani? Unawalaza kifudifudi angalau mapafu yapate nafasi, unatazama geji, unatoka nje mtu anakushika koti anauliza baba vipi. Ningemwambia nini, kwamba nimempunguzia ili wa kitanda cha pili naye afike alfajiri? Na sisi wenyewe barakoa ni za kitambaa tumeshona mtaani, chanjo huku Tanzania ilizinduliwa 28 Julai 2021, huko nyuma kote tuliingia hivyo hivyo.

Mjukuu_wa_Bibi:
Samahani mimi sio mhudumu, mimi nilikuwa upande wa getini. Baba alilazwa Februari 2021. Wiki nzima naambiwa anaendelea vizuri, nikasafiri Morogoro kikazi siku mbili kwa sababu ya hilo neno, narudi nakuta yuko mochwari. Tabibu nimekusoma na nimekuelewa, ile hesabu ya mtungi mmoja sikuwahi kuifikiria, ila ungeniambia "hali mbaya, usiende mbali" nisingesafiri. Aliyenipa habari ni nesi, alitoka na simu ya mzee na kofia yake mkononi, akajaribu kuongea akalia. Huyo namwombea mpaka leo. Sista, yule dada hakukasirika kwamba ulishindwa kusema, naamini hivyo.

Tabibu77:
Pole sana kaka. Sina cha kujitetea kwenye hilo. "Usiende mbali" ni maneno mawili tu, ningeweza kuyasema.

mwana_pwani:
Sista, na ile hotpoti ilienda wapi?

sista_wa_usiku:
Nimeshindwa kujibu toka asubuhi, nasoma nafuta. Mjukuu pole sana, na asante. Hotpoti hakuirudia, iko kabati la chini stoo ya wodi, ina jina limeandikwa kwa rangi ya kucha kwenye mfuniko, kila tukifanya usafi naisogeza pembeni naambia watu isitupwe. Namba ya ndugu ilikuwa inaandikwa kwenye rejista ya kulaza. Jumatatu naingia asubuhi, nitaomba rejista za 2021.