Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba huyu ana imani kweli, na yule dini yake ni ya machoni tu?

Mwanzisha mada

Wapendwa, salamu kwenu nyote. Mahubiri juu ya Mafarisayo tumeyasikia ya kutosha, kila mtu akimfikiria jirani yake wa benchi. Hapa naomba visa: jambo uliloliona mwenyewe ukasema "huyu anamwamini Mungu", au kinyume chake. Usitaje kanisa wala jina la mtumishi. Na tusianzishe ugomvi wa madhehebu, maana watu wa aina zote mbili wamejaa kote.

Naanza mimi. Niliwahi kufanya kazi na mtu ambaye mezani pake pana Biblia kubwa iliyofunguliwa muda wote, na simu yake ikiita ni pambio. Ukimsalimia anakujibu "mimi ni mshindi". Upande wa pili alikuwepo mtunza stoo, mtu mkimya, hakuna aliyejua anasali wapi. Wakaguzi walipokaribia, mkuu wetu akataka hati za kupokea mali zisainiwe kwa tarehe za nyuma. Yule wa pambio alisaini zote huku akisema Mungu atatuvusha. Mtunza stoo akazisoma moja moja, akakata ile tarehe iliyokwisha kuchapwa, akaandika ya siku ile, akaweka saini ndogo pembeni ya alichokata. Alipofokewa alijibu hivi: "Mzigo umeingia leo, mkuu. Siwezi kusema uliingia mwezi uliopita." Wiki hiyohiyo akaondolewa stoo. Ni baadaye sana, msibani, nilipomkuta akiongoza sala, ndipo nikajua kumbe ni mzee wa kanisa.

Karibuni.

Mwanakwaya wa sauti ya nne

Kwetu kuna wakati wa kutoa sadaka watu wanapanga mstari kwenda mbele, kwaya inaimba. Jumapili moja mwenzetu wa kwaya alikuwa karibu kabisa kufika kwenye kapu, bahasha mkononi. Akasimama. Akairudisha bahasha mfukoni, akakata mstari kurudi nyuma hadi benchi la mwisho alikokaa ndugu yake wa damu, ambaye walikuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa mirathi. Akamgusa bega, wakatoka nje wote wawili. Sisi tulidhani kuna taarifa ya msiba. Mhudumu wa mstari alikasirika, eti amevuruga utaratibu.

Walirudi ibada imeshafungwa, macho yamewavimba, wakamtafuta mtunza hazina wampe ile bahasha. Mathayo 5:24 niliisoma tangu utoto: "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako". Sikuwahi kufikiria kuna mtu angeitekeleza neno kwa neno, tena sadaka ikiwa tayari mkononi.

Msomaji wa pembeni

Mwanzisha mada, huyo mtunza stoo Mungu alimrejesha kwenye nafasi yake?

Mwanzisha mada

Hapana. Alistaafu akiwa kwenye kazi ya chini kuliko ile. Najua tunapenda shuhuda ziishie kwa kupandishwa cheo, lakini hii haikuishia hivyo. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme "bali kama si hivyo", hatutasujudu (Danieli 3:18). Walilisema hilo kabla ya kutupwa tanuruni, bila kujua kama watatoka. Sehemu hiyo huwa tunaipita haraka twende kwenye muujiza.

Mtoto wa mtumishi

Mimi nimekulia nyumba ya mchungaji, nisamehewe nikiandika kwa uchungu.

Baba alikuwa na sauti. Akiomba kanisani, watu wanalia. Gari likiingia nyumbani, sisi watoto tunazima redio na kila mmoja anatafuta pa kukaa. Mama alikuwa na vitambaa vingi vya kichwa, na alijua kukifunga kishuke kufunika upande wa jicho. Jumapili anakaa benchi la mbele, anaitwa mama mchungaji, anatabasamu. Viongozi walijua. Waliomwendea walimwambia avumilie, asiliaibishe kanisa, amfunike mumewe kwa maombi.

Mtu mmoja tu alifanya tofauti: mama wa makamo aliyekuwa anafagia kanisa. Hakuwa na cheo chochote, na hata kuomba kwa sauti alikuwa anaona haya. Alikuja mchana baba akiwa safarini, na mabegi mawili matupu. Akasema, "Mwanangu, tupange nguo za watoto." Tulikaa kwake, chumba kimoja, mpaka mama akapata kazi. Hakutuhubiria hata siku moja. Kwa kitendo kile kanisa lilimnyang'anya ufunguo, likampa mwingine kazi ya kufagia.

Paulo anamwuliza Timotheo kuhusu kiongozi asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe, "atalitunzaje Kanisa la Mungu?" (1 Timotheo 3:5). Sijawahi kusikia mstari huo ukisomwa pale kwetu. Watu huniuliza kwa nini sikuiacha imani. Ningeiacha, kama ningekuwa nimemjua baba peke yake.

Mwanzisha mada

Pole sana ndugu yangu. Na mama yule wa mabegi, Mungu amkumbuke.

Fundi mitambo

Cha kwangu ni kifupi. Nilikuwa nashughulikia kamera na sauti ibada zikirushwa mubashara. Nabii wetu alikuwa anapata maono mazito. Siku umeme ulipokatika, maono yakakatika. Akakaa, akanywa maji, akaniuliza kwa ishara kama jenereta limewaka. Lilipowaka, Roho akarudi. Nikaendelea kukunja nyaya zangu.

Shangazi mwenye kelele

Jamani, ngoja niwapinge kidogo. Naona tunaelekea kusema kwamba anayepaza sauti ni mnafiki na mkimya ndiye mcha Mungu. Mimi napiga haleluya mpaka benchi la tatu wanageuka, na mavazi yangu ya ibada napiga pasi tangu jana yake. Ndivyo nilivyo, hata kwenye harusi niko hivyo. Lakini pia nimewahi kumwogesha mgonjwa ambaye ndugu zake walimkimbia, na huko hapakuwa na kinasa sauti.

Halafu wapo hawa wa "Mungu anaangalia moyo". Ibada haji, mgonjwa hatembelei, sadaka hatoi, ukimwuliza anakutajia 1 Samweli 16:7. Andiko lile Samweli aliambiwa alipovutiwa na umbo la Eliabu, akidhani ndiye wa kupakwa mafuta. Sioni ruhusa ya kulala Jumapili mle ndani. Kuna kujionyesha kwa kuvaa vizuri na kuna kujionyesha kwa kusema "mimi si mtu wa dini". Wote wanatafuta kutazamwa.

Aliyedhulumiwa

Shangazi umenena. Na mimi nina kisa.

Mtu tuliyefanya naye biashara alinidhulumu. Alipookoka akatoa ushuhuda madhabahuni, jinsi Bwana alivyomtoa kwenye utapeli. Kanisa zima likasimama kushangilia. Mimi niliyetapeliwa nimekaa safu ya kati, napiga makofi na wenzangu, sijui hata kwa nini. Hakunitazama.

Ikapita miaka. Siku moja akabisha hodi kwangu na daftari. Ameandika kila alichochukua, hata vitu nilivyokuwa sijui kama vilipotea, na juu ya jumla ameongeza sehemu ya tano, kama Walawi sura ya 6 inavyoagiza. Akaniambia alisoma habari za Zakayo akashtuka: Yesu hakutamka "leo wokovu umefika nyumbani humu" mpaka yule bwana alipotaja nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne. Akasema, "Mara nne sina. Hii ya Walawi ninayo."

Tukapitia daftari mstari kwa mstari, nikamsahihisha sehemu mbili, moja kwa faida yake. Fedha nikapokea. Akaniomba na msamaha, nikamwambia huo anipe muda. Akasema sawa, akaaga, hakunihimiza kwa andiko lolote.