Eti "gonga muhuri, nitakutoa ya soda"! Wakuu, leo nimedhalilishwa hapa Arusha

Sina salamu. Mikono bado inatetemeka, herufi zikiruka mtajaza wenyewe.

Yule mchora ramani wa Njiro mnamjua. Msijifanye hamumjui, nusu yenu mnalala ndani ya ramani zake, zile ambazo choo kinatazamana na jiko. Anajiita Injinia. Bodi ya wahandisi haimjui, ya wabunifu majengo haimjui, nahisi hata balozi wake wa nyumba kumi hamjui.

Kaja asubuhi ofisini kwangu, mimi mbunifu majengo mwenye muhuri wa bodi, mteja wangu amekaa pale pale. Akatandaza ramani ya ghorofa juu ya chai yangu: "Dogo, wewe gonga tu muhuri, nitakutoa ya soda."

Ya soda.

Chuo Kikuu Ardhi miaka mitano. Ukitoka hapo unasota chini ya mtu aliyesajiliwa, unakaa mtihani wa bodi, ndipo upewe namba, na ada unalipa kila mwaka. Jengo likidondoka anatafutwa mwenye muhuri, hatafutwi mwenye soda! Sheria ipo tangu 1997, ikatungwa upya 2010, asiyesajiliwa haruhusiwi hata kujiita mbunifu majengo. Na ramani yenyewe ngazi zinapanda mpaka ukutani, zinaishia hapo. Mteja anaangalia. Ya soda!

Chalii_Kijenge: Tuliza munkari mkuu. Ya chupa au ya kopo?

Kona_ya_Sakina: Kampuni yako imesajiliwa? Maana mtu anasajiliwa kivyake na kampuni kivyake.

Mleta uzi: Mimi nimesajiliwa. Ya kampuni iko kwenye mchakato.

Kona_ya_Sakina: 😂😂 Na lile bango kubwa pale nje ni la urembo?

Mleta uzi: Hiyo siyo mada. Mada ni soda.

Mangi_wa_Pasua: Nyie wenye mihuri mkitaja bei mtu anauza migomba yote. Mimi niliambiwa asilimia ya gharama za ujenzi. Nikauliza, na mke akijifungua humo ndani mtachukua asilimia?

Mama_Moshono: Afadhali nyie mnagombania ramani. Fundi wangu wa vigae kala hela, wiki ya tatu hapokei simu, na baiskeli ya mwanangu kaondoka nayo.

Chalii_Kijenge: Mama, huyo fundi ana pengo la juu?

Mama_Moshono: Ndiye huyo huyo!!

Chalii_Kijenge: Kwangu kabandika sebule, mvua moja tu vigae vinacheza kama meno ya bibi.

Mleta uzi: Jamani, mbele ya MTEJA. Juu ya CHAI.

Mangi_wa_Pasua: Subirini. Jana kapita mtu wa pengo hapa Moshi na baiskeli ya kitoto, magoti yanagusa masikio.

Mama_Moshono: Ya bluu? Ina kengele?

Mangi_wa_Pasua: Anaipiga kila kona.

Mama_Moshono: Mshikeni, napanda Noah sasa hivi.